Safari ya Florida: Watoto Washibe, na Mfuko Ubaki na Kitu

Safari ya familia ina gharama za aina mbili. Ipo ile ambayo bei yake imepangwa na wengine, nasi hatuwezi kuipunguza hata tukibembeleza: tiketi, mafuta ya gari, mahali pa kulala. Na ipo ile ambayo imo mikononi mwa mama kila siku, iwe nyumbani au ugenini, nayo ni chakula. Akina mama wengi tunajua kupanga chakula cha wiki nzima tukiwa nyumbani, lakini tukishafunga mizigo ya safari, ujuzi huo tunauacha jikoni pamoja na mwiko. Katika makala haya tungependa kuwaeleza wenzetu jinsi tulivyoubeba ujuzi huo hadi Florida, nchini Marekani, kwenye bustani za burudani za Disney ambazo watoto wa nchi nyingi huzililia.

Sisi tunaoandika ni mawifi wawili kutoka Tanzania, tunaoishi na familia zetu katika jimbo la Georgia, karibu na jiji la Atlanta. Mmoja wetu hutunza wazee zamu ya usiku, mwingine hufunga mizigo ghalani. Kama ilivyo kwa wengi walio ughaibuni, mshahara wetu una wenyewe wengi. Ipo kodi ya nyumba hapa, na huko nyumbani wapo wazazi na wadogo wanaosoma. Mwaka wa safari hii, binti mmoja wa ukoo wetu alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni, nasi tulikuwa tumeahidi kumnunulia godoro, tranka na sare kabla ya shule kufunguliwa Julai. Kwa hiyo safari ya Juni ilipopangwa, sharti lilikuwa moja: watoto waione Disney, na ahadi ya binti isivunjwe.

Tulikuwa tisa: wazazi wanne na watoto watano, mkubwa akiwa na miaka 9 na mdogo miaka 2.

KWA NINI CHAKULA KINA BEI KUBWA

Walt Disney World iko karibu na mji wa Orlando. Ilifunguliwa Oktoba 1, 1971, karibu miaka mitano baada ya Walt Disney mwenyewe kufariki. Leo ina bustani kubwa nne: Magic Kingdom, ambayo ndiyo ya kwanza, EPCOT, iliyofunguliwa mwaka 1982, ile ya mambo ya sinema, ya mwaka 1989, na Animal Kingdom, ya mwaka 1998. Eneo lote ni karibu kilomita za mraba 100.

Ukubwa huo ndio asili ya tatizo la chakula. Ukishaingia, hakuna genge wala duka la mtaani la kukimbilia. Kutoka nje ili ukale na kurudi ni safari nyingine. Pale Magic Kingdom, kwa mfano, maegesho makuu ya magari yako ng'ambo ya ziwa, na kutoka hapo hadi mlangoni unapanda kivuko au treni ya reli moja. Mama mwenye mtoto anayelia njaa saa saba mchana hawezi kuyafanya hayo. Atanunua kilicho karibu, kwa bei iliyoandikwa.

Nayo bei si ndogo. Chupa moja ya maji huzidi dola 3. Chakula cha mtu mzima cha kuchukua dirishani, kama vile mkate wa nyama na viazi, tulikikadiria kuwa dola 15 kwa wastani, na cha mtoto dola 9. Tena, katika jimbo la Florida vyakula vingi vinavyonunuliwa dukani kwa ajili ya kupikwa nyumbani havitozwi kodi ya mauzo, lakini chakula cha mgahawani kinatozwa. Katika kaunti ya Orange, zilipo bustani hizi, kodi hiyo ni asilimia 6.5. Ukiketi mezani na kuhudumiwa, ongeza bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Mama anayesoma bei ya kwenye orodha peke yake atashtuka risiti ikija.

ULIZA SHERIA KABLA YA KUPIKA

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Disney inaruhusu wageni kuingia na chakula chao. Si siri, wala si jambo la kuficha chini ya nepi za mtoto. Mlangoni mizigo hukaguliwa, unaonyesha, unapita. Lakini yapo masharti. Vyombo vya kioo haviruhusiwi, isipokuwa vile vidogo vya chakula cha mtoto mchanga. Pombe hairuhusiwi. Chakula kisiwe cha kuhitaji kupashwa moto, na kisiwe na harufu kali. Deli la kubebea lisizidi sentimita 61 kwa urefu, 38 kwa upana na 46 kwa kimo. Barafu ya vipande iliyomwagwa ndani ya deli hairuhusiwi, ila zile pakiti za kugandishwa na kutumiwa tena zinaruhusiwa.

Usidhani sheria hizi ni za kila mahali. Universal, bustani nyingine kubwa iliyo Orlando hapo hapo, inakubali maji na vitafunwa vidogo, pamoja na chakula cha watoto wachanga na cha wagonjwa wenye masharti ya daktari, lakini haikubali mtu kuingia na chakula kamili cha mchana wala deli gumu. Mama akiuliza mapema hatapika chakula cha kuishia kwenye pipa la taka la mlangoni.

JIKO KWANZA, KITANDA BAADAYE

Tulipotafuta mahali pa kulala, swali letu la kwanza halikuwa kama pana bwawa la kuogelea. Tuliuliza kama pana jiko na friji. Tukapata nyumba ya kupanga ya familia mbili katika mji wa Kissimmee, kusini mwa Orlando, ambako nyumba za namna hiyo ni nyingi.

Jioni kabla ya kuondoka Georgia tulisukuma chapati 40, tukaziacha zipoe, tukazifunga kumi kumi katika karatasi ya foili na kuzigandisha. Tulikaanga karanga, tukapika maandazi. Kutoka Atlanta hadi Orlando ni karibu kilomita 700, na njiani vipo vituo vya mapumziko vyenye meza za kulia chini ya miti. Tulikula huko, watoto wakakimbia kidogo, tukaendelea. Hatukununua chakula hata mara moja barabarani.

Tulipofika tulikwenda supamaketi siku hiyo hiyo kabla ya kufungua masanduku. Tulinunua mchele, maharage ya kopo, mayai, maziwa, kuku, mchicha, nyanya, ndizi, machungwa, zabibu, mkate na katoni mbili za maji. Tulitumia dola 231, na chakula hicho kilitufikisha siku zote tano.

Asubuhi kila mtu alikunywa chai ya maziwa na kula mayai na mkate kabla ya kutoka. Hili ni la lazima. Mtoto aliyeshiba asubuhi hapiti akivuta mkono wa mama kila penye harufu ya sukari. Jioni tulirudi tukapika wali na maharage au mchuzi wa kuku, akina baba wakioga watoto wakati sisi tukiwa jikoni.

DELI NA JOTO LA FLORIDA

Juni huko ni joto kali lenye unyevu kama la Dar es Salaam mwezi Februari, na mchana mara nyingi hunyesha mvua ya radi. Katika hali hiyo chakula cha kubeba kinaweza kuwa hatari. Kanuni ya usalama ni hii: nyama, mayai na maziwa visikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi, visizidi saa moja.

Kwa hiyo tuligandisha nusu ya chupa za maji usiku. Asubuhi tulizipanga chini na pembeni mwa deli, na katikati tukaweka mayai ya kuchemsha na kuku wa kuokwa aliyekatwa vipande vidogo. Juu tuliweka chapati. Maji yalipoyeyuka yalikuwa kinywaji, kwa hiyo hatukubeba uzito wa bure. Zabibu nazo tuliziganda, na watoto walizila kama pipi. Deli lilikaa chini ya kigari cha mtoto.

Tulikula saa tano na nusu, kabla ya foleni za mchana, wakati meza za kivulini zingali tupu. Vya nyama na mayai viliisha hapo. Alasiri tulibaki na karanga, maandazi, ndizi na biskuti, vitu ambavyo joto haliviharibu upesi.

Chupa zetu zilipokwisha hatukununua nyingine. Katika maeneo ya kuuza chakula yenye mashine za soda, mtu akiomba kikombe cha maji ya barafu hupewa bure. Ni kusema tu, tena kwa adabu. Na mama mwenye mtoto mchanga ajue kwamba kila bustani ina kituo cha kuhudumia watoto wadogo, chenye mahali pa kunyonyesha na jiko dogo la kupasha chakula cha mtoto. Pale Magic Kingdom kiko mwisho wa Main Street, karibu na mgahawa wa Crystal Palace.

SWALI LA MTOTO

Tusiwafiche wenzetu: chakula si tumbo tu, kuna na heshima. Tulipokuwa tukipanga safari, mmoja wa waume zetu alisema, "Tulipe tiketi zote hizi halafu tukae tunakula chapati za baridi kama abiria wa stendi?" Hatukubishana naye. Tulimwonyesha daftari la hesabu, akanyamaza, lakini moyoni hakuwa ameridhika.

Siku ya kwanza, Magic Kingdom, tuliketi karibu na mnara wa Rapunzel, ambako pana viti na meza kivulini. Jirani yetu familia moja ilikuwa ikila mapaja ya bata mzinga, yale makubwa ambayo mtu huyashika kwa mikono miwili. Mtoto wetu wa miaka 9 aliyatazama kwa muda, kisha akauliza, "Mama, sisi hatuna hela?"

Aliyemjibu alikuwa baba yake, yule yule wa maneno ya stendi. "Hela tunazo, mwanangu. Ndiyo maana tunazichagulia kazi." Akamweleza habari za dada yake aliyeko Tanzania, na kwamba godoro atakalolalia bweni miaka miwili linatoka katika hela hizo hizo. Mtoto alisikiliza. Hakusema neno, ila alichukua chapati ya pili.

Kisha tukafanya lile tulilokuwa tumelipanga tangu nyumbani. Kila mtoto, isipokuwa yule mdogo, alipewa dola 7 mkononi. Hiyo ilikuwa hela yake ya siku, anunue anachotaka, na ikiisha imeisha. Binti zetu walinunua aiskrimu yenye umbo la kichwa cha Mickey. Yule wa miaka 9 alimvuta binamu yake pembeni, wakanong'ona, wakaunganisha dola zao 14 na kuja kuomba zilizopungua. Baba aliongeza dola 3. Wakanunua paja moja la bata mzinga, wakalibeba kama kombe la ubingwa. Lilikuwa kubwa kuliko matumbo yao, na nusu yake ilirudi mezani tukaila wote.

Tangu hapo hatukusikia tena "mama ninunulie." Mtoto mwenye hela yake huuliza bei kabla ya kulia.

HARAMBE NA TAMU TAMU

Siku ya pili tulikwenda Animal Kingdom, na hapo lugha yetu ilitupokea. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa Lamu. Gari la kwenda kutazama wanyama linaitwa Kilimanjaro Safaris. Kibanda cha vinywaji na vitu baridi kinaitwa Tamu Tamu. Watoto wetu, ambao Kiswahili wanakijibu kwa Kiingereza, walianza kusoma vibao kwa sauti na kutafsiria wazungu waliokuwa mbele yetu kwenye foleni.

Mlo mmoja wa kununua tulikuwa tumeuhifadhia siku hiyo. Karibu na bustani hiyo kuna hoteli ya Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, yenye migahawa inayoitwa Jiko, Boma na Sanaa. Jiko lilikuwa juu ya uwezo wetu. Jiko letu lilikuwa Kissimmee. Tulichagua Sanaa, kwa sababu madirisha yake yanatazama mbuga ndogo ambako twiga na pundamilia hupita wakila majani, na kwa sababu chakula chake ni cha kugawana. Tuliagiza sinia mbili za mikate ya Kihindi, kama naan na papadum, zinazokuja na vikombe tisa vya chatini na achari, sahani moja kubwa ya nyama na wali, na sahani nne za watoto. Pamoja na kodi na bakshishi tulilipa dola 176. Ni fedha nyingi kwa mlo mmoja. Lakini tuliketi saa moja na nusu, tumepumzika, twiga wako dirishani, na hakuna aliyekula kwa haraka wala kwa hasira. Kununua mlo mmoja kwa kupanga ni bora kuliko kununua sita kwa kubanwa na njaa.

Siku ya tatu, EPCOT, ndiyo yenye kishawishi kikubwa. Kuzunguka ziwa kuna maeneo ya nchi 11, kutoka Meksiko hadi Kanada, na kila nchi inauza chakula chake. Hapo tulipanga kununua vitu vichache vya kuonja na kuvigawa: mkate mrefu katika eneo la Ufaransa na kitafunwa kimoja katika eneo la Japani. Tulitumia dola 21, kila mtu akapata tonge, na deli likamaliza kazi iliyobaki.

HESABU YENYEWE

Sasa tuwawekee hesabu mezani. Tungenunua milo miwili kila siku kwa watu wanane, tukimwacha yule mdogo ale sahani ya mama yake, ingekuwa dola 192. Chupa mbili za maji kwa kila mtu kwa dola 3.50 ni dola 56. Jumla dola 248 kwa siku, na kwa siku tatu dola 744. Hapo hatujahesabu kodi, kifungua kinywa, wala aiskrimu.

Sisi tulitumia dola 231 supamaketi, dola 87 kwa hela za watoto pamoja na zile 3 za bata mzinga, dola 176 Sanaa, na dola 21 EPCOT. Jumla dola 515, asubuhi, mchana na jioni. Tofauti ni dola 229, zaidi ya shilingi laki tano za Tanzania. Fedha hizo zilitumwa wiki ile ile tuliyorudi. Godoro lilinunuliwa, na tranka, na sare jozi mbili.

Kwa mama anayejiandaa kwa safari kama hii, tunashauri haya machache. Uliza sheria za chakula kabla ya kununua tiketi. Tafuta malazi yenye jiko, au angalau yenye kifungua kinywa ndani ya bei. Lisha watoto kabla ya kutoka, na kula mchana kabla njaa haijaanza kusema. Ukilazimika kununua dirishani, kumbuka kwamba chakula cha mtoto huja na kinywaji na viambata, na mtu mzima asiye na njaa kubwa anaweza kukiagiza. Kwenye migahawa ya kujipakulia, mtoto wa chini ya miaka 3 halipiwi, lakini aliyetimiza miaka 10 hulipiwa bei ya mtu mzima, hata kama anakula kama ndege. Chagua mlo mmoja wa kununua, uutangaze mapema, ili watoto wawe na jambo la kungojea.

Na zaidi ya yote, waambie watoto ukweli kuhusu fedha: zinatoka wapi, na nani mwingine anazisubiri. Wanaelewa kuliko tunavyodhani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho si lazima kijae kwa kumnyima mtoto. Kinaweza kujaa naye akisaidia kukijaza.